Glovu Nyuma ya Mlango

Ngurumo alijulikana nchi nzima, lakini muuza magazeti wa mtaani kwake hakuwa akimtambua. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mtu anayesubiri foleni isogee. Ila akiingia dukani na kufungua mdomo kuomba kiberiti, watu waligeuka. Wateja walisahau walichofuata, watoto wakamng'ang'ania koti: "Sema, babu! Sema ile!" Naye hakuwa mtu wa kujivunga. Alitia kiberiti mfukoni, akavuta pumzi, akaiachia:

"Haaaya... mlango!"

Duka zima likashangilia, mwenye duka akijikuta anapiga makofi na mkate kwapani.

Kipindi chenyewe kiliitwa *Mlango Wako*. Mshiriki anaulizwa maswali, akipatia anachagua mlango, na nyuma ya mlango kuna zawadi. Basi, hakuna falsafa hapo. Mbele ya kamera alisimama mwendesha kipindi, mtanashati ambaye wafanyakazi walimbatiza Tabasamu kwa sababu meno yake yalifika kazini kabla yake. Lakini aliyewaita washiriki, aliyeisifia zawadi mpaka ukaionea wivu, na aliyeamuru mlango ufunguke, alikuwa Ngurumo. Alikaa juu, kwenye kibanda cha mbao kilichobandikwa ubavuni mwa jukwaa, ndani kimepigwa mazulia machakavu ili sauti isimrudie, pembeni ana kikombe chake cha maji vuguvugu. Mabosi walikuja, wakabadilisha rangi ya viti, wakapigwa picha na viti hivyo, wakaondoka. Yeye alibaki.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuvuta maneno. Mtu mwingine angesema "friji" akamaliza. Ngurumo hakumaliza.

"Ni nyeupe? Nyeupe pee! Ina milango? Inayo miwili, mama: mmoja wako, na mmoja wa wifi yako anayekuja kuchungulia! Inagandisha? Inagandisha mpaka maneno ya jirani! Ukiifungua usiku inakuwashia taa yenyewe, kwa hiyo mwizi wa nyama utamjua kwa sura..."

Watazamaji walidhani ni mbwembwe. Magazeti yaliandika kwamba ni kipaji. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Lakini kule kuvuta kulikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo ilikuwa nyuma ya milango, imevaa ovaroli.

Huko nyuma kulikuwa na wasukumaji. Friji haiji jukwaani kwa miguu yake. Inapandishwa kwenye kigari, inasukumwa juu ya mteremko wa mbao, inageuzwa, inawekwa sawa, ndipo mlango unafunguliwa na unaiona imetulia kama bibi harusi. Mkuu wa wasukumaji aliitwa Winchi, mtu mfupi, mpana, anayenyanyua meza ya watu wanne kama anaokota leso. Zamani milango ilifunguliwa kwa saa ya ukutani: mshale ukifika, fungua. Siku moja mshale ulifika kabla ya kabati. Mlango ukafunguka, mtu mmoja akashtuka akavuta kigari kwa nguvu, na kidole cha Winchi kikabaki kati ya kigari na fremu. Televisheni ikaonyesha kabati zuri sana. Watu wakashangilia. Kituo kikampelekea Winchi kadi ya pole yenye picha ya maua.

Aliporudi kazini alivaa glovu za ngozi, na kwenye ile ya kulia kidole kimoja kilikuwa kitupu, kinaning'inia. Ngurumo alikiona kile kidole kitupu akakosa raha. Hakwenda kwa bosi. Alikwenda kwa seremala wa studio, akamwambia, "Nitobolee kidirisha kwenye kibanda changu, upande wa nyuma." Kidirisha kikatobolewa, kikawekewa kifuniko cha mbao ambacho hakikuwahi kutulia, kila mara kilimwangukia kisogoni. Halafu yeye na Winchi wakakubaliana, wamesimama kwenye mteremko, bila kalamu wala karatasi: mpaka Winchi ainue glovu, Ngurumo hasemi mlango, na mpaka Ngurumo aseme mlango, hakuna mkono unaogusa kamba.

Kwa hiyo alivuta maneno. Gurudumu likikwama, aliisifia friji zaidi. Mtu akiteleza, alimtania wifi. Na tangu siku hiyo nyuma ya milango ile hakuumia mtu. Hakuna bosi aliyelijua hilo, kwa sababu hakuna bosi aliyewahi kupanda kibandani wala kushuka mteremkoni. Ukiambiwa kwamba kampuni inajali usalama wa watu wake, uliza kwanza ni nani aliyetoboa dirisha.

Akaja meneja mpya. Huyu wafanyakazi walimwita Bwana Mabadiliko, kwani kila sentensi yake ilikuwa na neno hilo, hata alipoagiza chai. Alimwita Ngurumo ofisini, akamkalisha kwenye kiti kinachozunguka.

"Mzee wangu," akasema, "sauti yako ni hazina. Hazina inahifadhiwa. Nataka uingie chumba cha kurekodi, usome majina ya zawadi zote, za leo na za kesho: friji, majiko, magodoro, magari. Kwa ajili ya dharura tu. Ukipata mafua, je?"

"Nikipata mafua huwa nakunywa maji ya moto," Ngurumo akasema.

Meneja akacheka sana, kama mtu aliyesoma mahali kwamba wazee huchekewa.

Ngurumo hakucheka. Neno lile *dharura* alikuwa analifahamu, walishawahi kukutana. Zamani *Mlango Wako* kilikuwa na bendi studioni: ngoma, gitaa, tarumbeta na kinanda, watu wazima wanne wenye mashati yanayofanana. Wakaombwa warekodi nyimbo zao kwa ajili ya dharura. Wakarekodi kwa moyo mmoja, hata wakarudia pale tarumbeta ilipokwaruza. Wiki iliyofuata mlinzi akawazuia getini. Mpiga ngoma alisimama pale, ngoma begani, akisikiliza ngoma yake mwenyewe inavyolia kutoka kwenye televisheni ndogo ya mlinzi. Ngurumo alipiga kelele siku ile mpaka akaambiwa hayamhusu. Wengine waliokuwepo wamesahau. Yeye hakusahau hata rangi ya mashati.

Chumba cha kurekodi kiliongozwa na Masikio, fundi sauti, mwanamke mwembamba anayeweza kusikia nzi akibadilisha mawazo. Alimvisha Ngurumo vidude vya masikioni, akazima kitufe cha kurekodi, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, unajua hii ni ya nini?"

"Najua."

"Sasa mbona unasoma?"

"Nikikataa leo, kesho wananitoa kwa ukaidi, na nyie mnabaki na nani pale juu? Wape maneno. Maneno ninayo mengi." Akapekua kurasa. "Hapa kwenye friji, nivute kiasi gani kabla ya kusema mlango?"

"Usivute. Meneja kasema vipande vifupi, eti watu wa siku hizi hawana subira."

Ngurumo akaivua miwani yake. "Umemwambia kuhusu glovu?"

"Nimemwambia. Kasema glovu ni suala la idara ya vifaa."

Ngurumo akasoma vyote, vizuri, bila kuharibu hata kimoja. Hakuwa mtu wa kufanya kazi mbovu makusudi. Aliona ni kujitukana mwenyewe. Alipomaliza alipanda moja kwa moja kwa meneja, akamweleza habari za mteremko, za kidole na za kidirisha. Bwana Mabadiliko alitikisa kichwa kwa upole mwingi. "Tutaweka taa ya kijani, mzee wangu." Taa ya kijani haikuonekana. Kilichoonekana ni tangazo ubaoni: kipindi maalumu cha kuadhimisha kuzaliwa kwa *Mlango Wako*, mubashara, na ndani yake mzee wetu mpendwa atavishwa heshima na kuagwa. Atakaa kiti cha mbele. Sauti yake iliyorekodiwa ndiyo itakayoendesha kila kitu.

"Utajisikiliza mwenyewe!" meneja akamwambia kwenye ngazi. "Si raha hiyo?"

Nyumbani, mkewe alikuwa anapiga pasi gauni lake la kazi. Alikuwa nesi, amefunga vidonda vya watu maisha yake yote, na subira yake aliiachia wagonjwa.

"Wanakuzika umekaa," akasema, "tena kiti cha mbele, usikose kuona kaburi. Na wewe unakwenda?"

"Nakwenda, Mama Pacha."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Si ndivyo walivyosema?"

"Baba Pacha, nimekujua tangu una nywele. Wewe hujawahi kukaa." Akageuza gauni. "Sema unataka nini. Wakupe pensheni nono? Wakuombe radhi?"

Ngurumo hakuhitaji kufikiri. "Nataka pale kibandani kuwe na mtu mwenye macho. Leo mimi. Nikichoka, mwingine niliyemfundisha. Mashine haina dirisha la nyuma."

"Basi kalidai. Maana ukirudi hapa na ngao yao ya kukuagia bila kazi, ngao hiyo nitakatia vitunguu."

Siku ya kipindi, kabla watu hawajaingia, Ngurumo alipita nyuma ya jukwaa akiwa na suti yake ya kijivu. Wasukumaji walikuwa wamekaa kwenye mteremko.

"Aaah, maiti kaja na suti!" mmoja akapiga kelele, wakaangua kicheko.

"Cheka, cheka," Ngurumo akasema. "Umefunga mkanda leo? Suruali yako naijua."

Winchi hakucheka. "Mzee, tumeambiwa tukisikia 'haya, mlango', tunafungua. Basi tutafungua."

"Hata mkiwa bado mnasukuma?"

"Nimeuliza hivyo hivyo. Nimejibiwa agizo ni agizo. Nikasema sawa, watu wote wameshuhudia." Akaivaa glovu. "Swali langu ni moja. Wewe utakuwa wapi?"

"Kiti cha mbele."

"Ukiwa pale utaiona hii?"

Ngurumo akatazama ukuta wa jukwaa, akapima kwa jicho. "Ukiinua mkono juu kabisa, itatokeza."

"Mimi ni mfupi."

"Panda kreti."

Taa zikawaka. Tabasamu akaingia, meno kwanza. Heshima ikatolewa mapema, ili isisumbue: Bwana Mabadiliko alipanda jukwaani, akamvisha Ngurumo kilemba cha ukoka kwa maneno matamu, akamkabidhi ngao ya mbao yenye bati linalong'aa. Ngurumo akapunga mkono, hakupewa kipaza sauti, akarudi kukaa karibu na mkewe.

"Nzito?" Mama Pacha akauliza.

"Nyepesi. Mbao ya bei poa."

Kisha sauti yake ikaanza kutoka juu, kutoka kwenye kibanda kitupu. Ilikuwa yake kabisa. Ilikaribisha watu, ikamwita mshiriki wa kwanza, ikacheka palipopaswa kuchekwa. Yeye alikaa na mikono magotini, anaisikiliza kama mtu anayesikiliza nguo zake zikitembea barabarani na mtu mwingine. Ilikuwa nzuri ile sauti. Hilo hakulificha.

Mlango wa kwanza ulikuwa na godoro. Godoro jepesi, likawahi. Makofi.

Mlango wa pili ulikuwa na kabati. Sauti ikasema kabati ni la mninga, lina kioo, haya, mlango! Ikasema upesi kama mtu anayekimbia mvua. Na nyuma, kama ilivyoagizwa, kamba ikavutwa. Mlango ukafunguka, na nchi nzima ikaona migongo. Kabati lilikuwa bado njiani, limepinda, na wasukumaji wameinama nyuma yake wanahema. Mmoja alikuwa anasukuma kwa bega moja huku mkono wa pili umeshikilia suruali.

Studio ililipuka kwa kicheko. Tabasamu alitabasamu mpaka shavu likamcheza. Kule nyuma ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, Bwana Mabadiliko alionekana anarusha mikono. Ngurumo naye alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikumbuka zawadi ya mlango wa tatu.

Mlango wa tatu uliangukia kwa mshiriki mwenye mwili mkubwa na kanga kichwani, aliyejitambulisha kuwa fundi cherehani. Alikuwa amejibu maswali yote bila kumeza mate, na sasa amesimama mbele ya mlango, vidole vimefumbatana. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na friji na jiko, vyote viwili kwenye kigari kimoja, kwenye mteremko. Juu ya mteremko watu wanavuta. Chini ya mteremko watu wanazuia. Mlango ukifunguka wakati huo, taa za jukwaani zinawapiga wa juu machoni, wanaachia bila kutaka, na kigari kinarudi kwa waliopo chini. Aliyekaa chini siku zote alikuwa Winchi.

Sauti ikaanza: "Ni nyeupe? Nyeupe pee!"

Ngurumo akatega sikio, si kwa sauti, bali chini yake. Alisikia gurudumu likilia kwenye mbao. Mlio ule aliujua. Walikuwa bado chini kabisa, wala nusu hawajafika. Akatazama ukingo wa ukuta. Hakuna glovu.

"Wapo chini," akasema.

Mama Pacha akamgeukia. "Nani?"

"Winchi. Kigari hakijapanda."

"Na wewe umekaa unangoja nini, nimfunge mimi bendeji? Simama!"

Juu kule sauti ilikuwa imeshafika kwa wifi. Ngurumo akasimama, akajaza kifua, na bila kipaza sauti, bila kibanda, bila mazulia, akaachia:

"BADO!"

Zilikutana hewani. Ya kwenye spika ikasema *haya, mlango*, ya kiti cha mbele ikasema *bado*, na zote zilikuwa sauti moja. Nyuma, mkono uliokuwa umeshika kamba ukaganda. Mtu na akili zake, amsikilize yupi?

"Winchi! Ni mimi, mwenye suti! Niko huku mbele! Usiguse kamba! Glovu iko wapi?"

Kutoka nyuma ya mlango ikajibu sauti nene ya mtu aliyebanwa: "Iko chini, mzee! Gurudumu limekwama!"

"Likwamue taratibu! Mimi nipo!"

Masikio, kule kwenye mitambo, hakusubiri kuambiwa. Akateremsha kitufe, na sauti ya spika ikafa katikati ya neno. Ngurumo akaanza kutembea kuelekea jukwaani. Mpiga kamera wa kati, ambaye kwa miaka yote aliambiwa asimwonyeshe mtu yule, akamgeuzia kamera. Tabasamu alitazama kulia, akatazama kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akafanya jambo la maana bila kuandikiwa: akamkabidhi kipaza sauti.

"Mama fundi," Ngurumo akasema, na studio nzima ikatulia kwa raha, maana sasa sauti ilikuwa na uso, na uso ulikuwa wa mtu wa kawaida kama wao. "Una haraka?"

"Sina, baba!"

"Vizuri, kwa sababu nyuma ya mlango huu kuna vitu viwili, na vyote vinakupenda. Cha kwanza kina baridi. Si baridi ya mume aliyenuna, hapana, hii ni baridi yenye faida! Cha pili kina moto. Moto wa juu, moto wa chini, moto wa pembeni; ukikiwasha, jirani anakuja kuomba chumvi ambayo anayo kwake! Na je, vimefikaje hapa? Mnadhani vimekuja kwa miguu? Vinasukumwa, ndugu zangu! Hivi ninavyosema, kuna watu wametoa macho huko nyuma, wanasukuma. Mmoja wao mkono wake wa kulia una kidole pungufu. Alikiacha hapa hapa, kwenye kipindi hiki, nyinyi mkiwa mnashangilia kabati. Ndiyo maana mimi huwa navuta maneno. Simsubiri bosi. Namsubiri yeye."

Watu walikuwa wanatazama ule ukuta kama wanaongoja mwezi uandame.

Mlio wa gurudumu ukabadilika, ukawa mwepesi. Kisha, juu ya ukingo, ikatokeza glovu ya ngozi, kidole kimoja kinaning'inia.

"Mmeiona? Haaaya..."

Studio nzima ikaitikia pamoja naye: "MLANGO!"

Friji na jiko vilisimama pale vimetulia. Fundi cherehani alilia, akacheka, akamkumbatia Tabasamu mpaka meno yakafichika. Kisha mkanda wa matangazo ya biashara ukaanza.

Bwana Mabadiliko aliteremka ngazi mbili mbili. Mbele ya watu aliupanga uso wake ukawa wa furaha.

"Mzee wangu! Umetuokoa! Panda kibandani, umalizie mlango wa mwisho. Gari lile! Nchi nzima inasubiri."

"Napanda," Ngurumo akasema. "Tukishaelewana."

"Kuelewana tutaelewana kesho ofisini."

"Bendi nayo iliambiwa kesho ofisini. Wakaishia kwa mlinzi."

"Bendi ipi?"

"Unaona? Ndiyo maana leo."

Meneja akashusha sauti. "Unataka nini?"

"Kibandani kukae mtu mwenye macho, kila kipindi, si kwa dharura. Mimi kwa sasa, na atakayenifuata nimfundishe mwenyewe, kwa mshahara wake. Hakuna mlango unaofunguliwa bila glovu. Na ile sauti yangu mliyoitia kopo, ifutwe sasa hivi, nikiona."

"Unanitishia?"

"Nakuhesabia matangazo. La sabuni limeisha. Sasa ni la rangi za ukuta. Baada ya hapo ni wewe."

Meneja akageuka kuelekea nyuma ya jukwaa. "Winchi! Pandisheni gari, haraka!"

Winchi alikuwa amekaa kwenye kreti yake, na wenzake wamekaa mteremkoni, akiwemo yule wa suruali. Hakuinuka. "Gari ni zito, bosi. Sauti isiyotuona hatuisukumii."

Hapo meneja akahisi kitu. Studio ilikuwa kimya mno kwa studio iliyo mapumzikoni. Akatazama mkono wa Ngurumo, akakiona kipaza sauti, akakiona kitaa chake kinawaka. Kila kiti kilikuwa kimesikia kila neno.

"Zima hiyo maiki!" akafoka kuelekea kwenye kioo.

Sauti ya Masikio ikajibu kwa adabu zote kutoka kwenye spika. "Kitufe kimegoma, bosi. Labda ni suala la idara ya vifaa."

Kicheko kilichofuata kilianzia kwa wasukumaji, kikapanda viti vya mbele, kikafika mpaka kule juu kabisa. Mama Pacha alikuwa anapigapiga ngao kwa konzi kama ngoma, na watu wakaupokea mdundo. Msimamizi wa jukwaa akainua vidole kuonyesha kwamba tangazo la rangi linakwisha.

"Sawa," meneja akasema.

"Waambie wao. Mimi nimeshaambiwa sawa nyingi."

Bwana Mabadiliko akakichukua kipaza sauti kwa ncha za vidole, akawaambia watu, sharti moja baada ya jingine, na kila alipojaribu kuruka moja, kuna mtu kwenye viti alimkumbusha. Nyuma ya kioo Masikio akainua mkono juu ili wote wamwone, akaushusha kwenye mashine, akabonyeza. "Imefutika, baba. Hata chafya haikubaki."

Ngurumo alichukua ngao kwa mkewe, akapanda ngazi ya kibanda. Mazulia yalikuwa na vumbi. Kikombe chake kilikuwa pale pale, kikavu. Akakifungua kidirisha cha nyuma, na kifuniko, kama kawaida yake, kikamwangukia kisogoni. Akakiinua tena, akakikaza kwa ile ngao. Ikatosha barabara. Kwa mara ya kwanza kifuniko kikatulia.

Kule chini taa zikawaka. Winchi na wenzake waliinuka, wakalikamata gari, wakaanza kulipandisha, wa juu wanavuta, wa chini wanazuia, hatua kwa hatua. Ngurumo akakisogelea kipaza sauti.

"Ni jekundu?" akauliza nchi nzima. "Jekundu ndu! Lina magurudumu? Yapo manne, na la tano limejificha kama shemeji mwenye deni..."

Aliwapitisha kwenye viti, kwenye taa, kwenye kioo cha nyuma, kwenye buti inayobeba mama mkwe na mizigo yake. Kupitia dirisha la mbele alimwona Bwana Mabadiliko amesimama pembeni ya jukwaa, anatazama saa, anatafuna mdomo. Kupitia dirisha la nyuma aliiona glovu. Ilikuwa imeshainuka. Winchi alikuwa juu ya kreti, mkono umenyooka, uso umejaa kicheko, anasubiri.

Ngurumo akamkonyeza. Akanywa funda la hewa kwenye kikombe kikavu, akakigeukia tena kipaza sauti.

"Na sijawaambia bado," akasema taratibu, "habari za honi."